Kwa Nini Mwanafunzi Huitwa Mwana

Hapo kale, kabla kazi hazijajaliwa kupata watoto, mtu alikuwa mwana wa baba yake tu, basi. Hapakuwa na mwanafunzi, mwanajeshi wala mwanamaji. Watu wa kujifunza, wa kupigana na wa kusafiri majini walikuwapo, tena wengi, lakini aliyeulizwa "Wewe mwana wa nani?" alimtaja baba yake. Aliyekosa wa kumtaja alinyamaza.

Katika mji wa Mbwego palikuwa na kisima kimoja. Kiangazi kilipofika, mpiga mbiu, Mzee Makungu, alisimama ukingoni na pembe yake akaita nyumba moja moja. "Wana wa Shekuwe!" Nao wakachota mpaka mitungi yao yote ikajaa. "Wana wa Mbwana!" Wakachota nao. Nyumba ya mwisho ikimaliza, kisima kilifunikwa kwa gogo. Asiyeitwa hakunywa ila kwa kuomba, na aliyenyimwa alihama.

Mjini humo aliishi binti aitwaye Kidawa. Mafuriko yalimleta akiwa mtoto wa kutambaa, amelala juu ya mlango uliong'olewa na maji, na hakuna aliyejua mlango ule ulikuwa wa nyumba gani. Bi Somoe, mfinyanzi, alimpokea. Akamfunza kuponda udongo, kufinyanga na kuchoma, na kila kiangazi akagawana naye maji yake.

Lakini ulikuja mwaka ambao kisima kilikauka karibu nusu. Ndugu za Bi Somoe wakasema, "Dada, maji ya nyumba ni ya damu. Huyu si wetu." Siku ya kuchota Kidawa alifunga nguo zake furushi, akaenda kisimani kujaribu mara moja kabla ya kushika njia.

"Binti, wewe mwana wa nani?" Mzee Makungu akauliza, ingawa alimjua.

"Sijui, babu."

"Mwana wa mlango!" akadakia Shekuwe, mwenye nyumba kubwa kuliko zote. "Aende akabishe hodi kwa baba yake!" Watu wakaangua kicheko.

Bi Somoe akatua mtungi wake. "Shemeji Shekuwe, hebu geuza huo wako."

Shekuwe akageuza. Kitakoni palikuwa na alama ndogo ya dole gumba, ile Kidawa aliyoitia kila mtungi alioufinyanga. Wengine wakageuza yao. Karibu mitungi yote ilikuwa na alama ile.

"Mitungi yake inakaribishwa kisimani, yeye afukuzwe?" Bi Somoe akasema. "Mnasema hana mzazi. Anayekuamsha alfajiri, anayekulisha, anayekuunguza vidole ukifanya ukaidi, huyo ni nani kama si mzazi? Kidawa kalelewa na mafunzo. Ni mwana wa mafunzo."

"Basi na mbuzi wangu ni mwana wa majani!" akasema Shekuwe.

"Siku mbuzi wako akileta mtungi alioufinyanga mwenyewe," akajibu Mzee Makungu, "nitamwita." Akapuliza pembe. "Mwana wa mafunzo!"

Kidawa akachota.

Hapo ndipo mambo yalipochanganyika. Mlinzi wa lango, aliyezoea kunywa maji ya kuombaomba, akajitokeza: yeye alilelewa na jeshi. Mvushaji wa mtoni akasema amelelewa na maji, na ni aibu kufa kwa kiu. Mzee Makungu akawaita wote, na wenye nyumba pia, Shekuwe akiwa wa kwanza, ila akaamuru kila mtu achote mtungi mmoja tu, ili maji yatoshe.

Mwisho akaja kikongwe asiye na kazi wala fundi aliyemfunza. "Mimi nilizaliwa njiani," akasema. "Nimekaa hapa tu, siku zote."

Mzee Makungu akafikiri, akapuliza pembe kwa nguvu kuliko mwanzo. "Mwana wa nchi!"

Kikongwe akasogea. Nyuma yake akasogea Shekuwe.

"Wewe umeshachota!" akasema Mzee Makungu.

"Kwani mimi si wa nchi hii?" akauliza Shekuwe, na safari hii mji mzima ulimcheka yeye.

Na tangu siku hiyo anayejifunza huitwa mwanafunzi, na mwalimu wake humgombeza na kumwonea fahari kama aliyemzaa. Ndiyo sababu pia asiye na kingine cha kujitambulisha hubaki na jina moja asiloweza kunyang'anywa: mwananchi. Akifika kisimani na mtungi wake, haulizwi mlango aliotokea.