Jinsi Mwanaheri Alivyomtengenezea Sultani Mchezo Mpya

Hapo zamani, katika mji mmoja wa kisultani, palikuwa na majumba saba ya michezo ya vivuli. Watu walikaa mbele ya shuka nyeupe, na nyuma yake taa ikamulika wanasesere wa ngozi. Basi Sultani Mahfudhi, kwa huruma zake nyingi, akawaona raia wanataabika kuchagua. Akayatwaa majumba yote saba, akafunga sita, na la saba akamkabidhi Waziri Ghalibu.

Tangu hapo ikawa uhuru mtupu: apendaye alitazama “Shujaa na Simba,” na asiyependa alitazama “Shujaa na Simba Mwingine.” Ulipofika mchezo wa tisa, watu wakawa wanaingia kulala tu.

Sultani akaghadhibika, akamwita Mwanaheri, fundi wa kukata vivuli, mwanamke fukara aliyekuwa ameuza kila kitu isipokuwa kisu chake tangu jumba lake lifungwe.

“Ewe Mwanaheri, nataka mchezo ambao hapana jicho lililopata kuuona.”

“Lakini,” akadakia Waziri, “aliyemo awe mtu ambaye kila raia anamjua. Mambo mageni yanawachosha watu. Ukishindwa, utahama mji huu, wewe na mafundi wenzako wote.”

Mwanaheri akawafikiria wenzake, waliokuwa na watoto. Hata hivyo akainama. “Nimesikia na kutii, Maulana. Naomba tu nikupangie mwenyewe mahali pa kukaa.”

Ijumaa alasiri madirisha yakazibwa, raia wakajaa. Mwanaheri akawapitisha Sultani na Waziri mlango wa nyuma, akawaketisha kwenye zulia upande wa pili wa shuka, na taa kubwa akaiweka migongoni mwao. “Hapa ndipo pa heshima,” akasema.

Wakangoja. Kwenye shuka hawakuona ila vivuli vyao wenyewe, wala hawakuvijali. Sultani akapiga miayo, akajikuna, akachokonoa pua kwa raha zake. Waziri akasinzia, akaanza kukoroma. Upande wa raia vivuli hivyo, virefu kama minara, vikayafanya hayo yote mbele ya mji mzima.

Jumba likalipuka kwa kicheko.

“Wanacheka nini?” akafoka Sultani, akasimama, na kivuli nacho kikasimama. Akaing’oa shuka, akakutana uso kwa uso na raia zake wakijifuta machozi.

“Umenidhihaki, mwanamke!”

Mwanaheri akainama tena. “Hasha, Maulana. Aliyekuwamo, kila raia anamjua. Na hapana jicho lililopata kumwona Sultani akingojeshwa.”

Sultani akatazama huku na huku. Katika jumba zima hapakuwa na aliyelala, ila Waziri. Basi naye akacheka mpaka akakaa chini. “Omba utakacho.”

“Funguo za majumba, Maulana. Wenyewe warudishiwe.”

Kesho yake Waziri Ghalibu akazunguka mji kwa miguu, funguo mkononi, akibisha hodi mlango hadi mlango; na kila alipofunguliwa, akapokewa kwa adabu zote:

“Shikamoo, Waziri. Usingizi ulikuwa mtamu?”