Fundi Aliyemwambia Mashavu Alale

Jamani, nikae nisikae?
Kaa.
Niseme nisiseme?
Sema, tunasikia.

Basi hapo kale palikuwa na mjane, jina lake Mashavu. Alikaa na mama yake mzazi, Bi Nyange, bibi kizee ambaye miguu ilikuwa imemkataa. Hata kutoka nje kuota jua, mpaka abebwe. Nyumba yao ilikuwa ya miti na udongo. Marehemu mume wa Mashavu aliijenga kwa mikono yake, na tangu afe hakuna aliyeigusa.

Siku moja Mashavu akifagia, akaona ukuta wa chumba cha mama yake umefanya tumbo. Mnajua ukuta kufanya tumbo? Umevimba, umeinamia ndani. Akaingiwa na hofu, akaenda kutafuta fundi.

Akaja Fundi Mbwera, mtu mkavu, asiyejua kucheka. Akagonga nguzo ya pembeni, ikalia kama ngoma. Akagonga ya kati, ikalia kama ngoma. Akagonga ya mlangoni, nayo vilevile.

"Mchwa wamezila zote," akasema. "Mhamishe mama leo. Paa lishuke, nguzo zing'olewe, tuanze upya."

"Nimhamishie wapi, fundi, mgonjwa huyu?"

"Popote. Humu halali mtu."

Akachukua nyundo yake akaondoka. Mashavu akaudhika. Mtu gani huyu, hata pole hana?

Kesho yake akaja Fundi Saburi. Huyu alianzia kitandani kwa mgonjwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Akamuulizia miguu, akamwombea dua. Ukuta hakuugonga, aliupapasa tu.

"Aliyekwambia ubomoe anajitafutia kazi," akamwambia Mashavu. "Mimi nitakandika udongo mpya, nipake chokaa. Bibi hatatoka kitandani. Nawe dada, lala."

Nyinyi mngemchagua nani? Msijibu haraka. Mashavu alikuwa amechoka kwa kuuguza, na neno lile lilimwingia.

Ukuta ukakandikwa, ukapakwa chokaa, ukang'aa. Majirani wakaja kuutazama, wakausifu.

Mvua za kwanza zikaja. Ufa ukatokea, mwembamba kama unywele. Akamwita Saburi.

"Udongo unakauka, dada. Lala."

Mvua zikaongezeka. Ufa ukapanuka, kidole kikapita. Akamwita tena.

"Udongo unajipanga, dada. Lala."

Mvua zikakaza. Ufa ukaingia mkono mzima. Safari hii Saburi hakuja. Alituma salamu tu: mwambieni alale.

Asubuhi moja Mashavu alikwenda kisimani. Alipokuwa akirudi na ndoo kichwani, akasikia kishindo. Akakimbia. Alipofika, chumba hakipo. Palikuwa na rundo la udongo mbichi, na makuti yamelala juu yake. Mbwera alikuwa amefika kabla ya wote, anafukua kwa mikono. Bi Nyange wakamtoa, lakini alikuwa keshakufa. Nywele zake zilikuwa zimejaa chokaa.

Wakamzika. Matanga yakaisha. Watu wakarudi makwao.

Mashavu akafunga kanga kiunoni, akaenda kwa Saburi kumuuliza. Huko akakuta paa limeshushwa. Vyombo viko uani. Mke na watoto wamehamia kwa jirani. Na katika shimo la nguzo yumo Mbwera, anachimba.

Saburi alikuwa amesimama kando, anamtazama Mbwera akifanya kazi.

"Wewe si fundi?" Mashavu akamuuliza. "Mbona hukujikandikia mwenyewe?"

Saburi akainamisha kichwa. Akatafuta neno tamu, asilipate.

"Dada," akasema polepole, "humu wanalala watoto wangu."

Mbwera akaacha kuchimba. Mashavu hakupiga kelele wala hakulia. Aligeuka akarudi kwake, na kwake hakukuwa na mtu wa kumwamkia.

Ngano yangu imekomea hapo. Faida yake ichukueni mwende nayo. Uchungu wake niachieni mimi.