Pimbi na Kamba ya Turubai

Paukwa!

Mbona hamjibu?

Nasema, paukwa!

"Mee!"

Jamani! Kumbe ninyi mko nyuma yangu, na mimi nawasimulia mbuzi. Nimevuka mipaka ya nchi nyingi, kugeuka tu kumenishinda. Haya, upya. Paukwa!

"Pakawa!"

Hapo zamani za kale, Pimbi alikuwa anamwoza binti yake. Bwana harusi alitoka kwa akina Nungunungu, na kwao desturi ni moja: wasipopokewa kwa ngoma, wanageuza, na bwana harusi wao wanaondoka naye.

Pimbi mbio kwa Kuchakuro, mtunza ghala la msitu. Huyo ukimwomba kitu, hukuletea pamoja na vyote vinavyokishikilia. Jana Pimbi aliomba turubai, likaja na nguzo, vigingi na kamba.

"Leo nataka ngoma tu!"

"Ngoma tu ni gogo, mzee. Chukua na ngozi. Ngozi inataka nta, chukua na nta."

"Nimeomba ngoma, siyo ukoo mzima!"

"Kamba unayo, ile ya turubai. Ncha yake itatosha kuwamba ngozi. Usiikate."

Pimbi hakusikia. Alishaanza kucheza.

Ngozi ikawambwa kwa ncha ya kamba ileile iliyoshikilia turubai, ngoma ikalia ndu! ndu! ndu! Nungunungu wakaingia, miiba imepakwa mafuta, inameta, wakaketi chini ya turubai. Pimbi akacheza, akajikwaa kwenye kamba. Akacheza, akajikwaa tena.

"Kamba gani hii isiyo na kazi?" Akaitia meno. Kwacha!

Ngoma: pwe. Turubai: fwaaa, juu ya wakwe! Miiba ikatokeza, ta-ta-ta-ta, turubai likawa chekeche.

"Mwanangu, twende zetu!" akafoka Bi Nungunungu, mama wa bwana harusi, kutoka humo chini. Binti Pimbi akaangua kilio.

"Subirini, wakwe zangu!" Pimbi huyoo, mpaka ghalani. "Kamba! Na inachotaka! Na hicho kinachotaka! Leta na shangazi zao!"

Kamba ikafungwa. Turubai likasimama. Ngoma ndu! ndu! ndu! Bi Nungunungu akacheza mpaka akaishiwa pumzi, akalala palepale chini ya turubai, anakoroma. Binti akaolewa.

Basi, wakubwa kwa watoto, funzo ni hili: kitu ukipendacho kimebebwa na vingine, usitupe hata kimoja kabla hujajua nani anakitegemea. Na hadithi yangu inaketi hapo, Pimbi alipomrudia Kuchakuro na kumuuliza, "Harusi imekwisha. Sasa kamba nikate?"

"Mwamshe kwanza mkweo."