Ng'ombe Walioshuka Bila Maua

Usiwacheke ng'ombe wasio na maua, huenda msiba ni wako.

Maneno hayo mmeyasikia asubuhi hii kutoka kwa jirani yetu, mzee Xaver, na nimeona yalivyowachoma. Hiza, wewe ulicheka kwa sababu jana liliteremka kundi lenye mataji ya maua na riboni vichwani, na kengele kubwa kama vyungu, ukapiga picha ukafurahi. Leo limepita kundi tupu, ukasema linafanana na harusi iliyokimbiwa na bibi harusi. Hukuwa na ubaya. Mwanaidi naye kaniuliza maneno ya mzee yana maana gani, na swali hilo nililiuliza mimi pia, miaka arobaini na mitatu iliyopita, babu yenu aliponileta hapa Uswisi kutoka Lushoto. Mama mkwe wangu alikuwa akikwaruza viazi vya kukaanga. Aliacha kukwaruza, akafuta mikono, akanisimulia kama alivyosimuliwa na bibi yake. Msemo huu ulizaliwa katika bonde hili hili, na ulizaliwa hivi.

Zamani hizo, kama ilivyo hata sasa, nyasi za huku chini hazikutosha kulisha ng'ombe mwaka mzima. Majira ya joto yalipofika, kila nyumba ilitoa ng'ombe wake, wakakusanywa kundi moja, wakapandishwa kwenye malisho ya juu, karibu na theluji isiyoyeyuka. Huko walikaa miezi mitatu. Waliopanda nao walilala katika kibanda cha mawe, wakakamua asubuhi na jioni, wakapika jibini katika sufuria la shaba ambalo mtu mzima angeweza kuoga ndani yake. Mwezi wa Septemba walishuka, na kila nyumba ikapata jibini kulingana na maziwa ya ng'ombe wake. Siku ya kushuka, ng'ombe walivikwa maua. Lakini kama huko juu kulikuwa na kifo, cha mtu au cha mnyama, maua hayakuvaliwa. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Watu waliona vichwa vitupu, wakavua kofia.

Msimamizi wa malisho alichaguliwa na kijiji. Kwa miaka kumi na mmoja msimamizi alikuwa Alois Zurfluh, mjane mwenye mtoto mmoja wa kiume. Alikuwa hodari, tena alijua kwamba ni hodari. Mwaka wa kumi na mbili alianguka kutoka kwenye paa akivunja barafu, goti likavunjika, halikuunga vizuri. Wanakijiji walikutana, wakamchagua Verena Gisler, mjane wa makamo ambaye jibini lake lilisifiwa hadi bonde la pili. Hawakumfukuza Alois, walikuwa wakimhurumia. Yeye huruma ile aliiona ni tusi.

Mtoto wake aliitwa Melk. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mpole, mwenye sauti nzito iliyozidi umbo lake. Verena alimwomba apande pamoja naye na Agata, binti wa dada yake, kwa kuwa Melk aliijua milima ile tangu utotoni. Melk alimwambia baba yake wakiwa mezani.

"Baba, Mama Verena ameniomba nipande naye."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nikasema ndiyo. Ng'ombe wetu watano wamo katika kundi hilo. Nani atawaangalia?"

Alois alisukuma sahani yake. "Ukimtumikia yule mwanamke mahali pangu, basi umemwambia kila mtu kwamba mimi nimekwisha."

Melk alijaribu kueleza, akashindwa. Siku ya kupanda, watu wote walisimama milangoni kuwaombea wapandaji safari njema. Mlango wa Alois ulikuwa umefungwa. Melk alisimama mbele yake kidogo, kisha akafuata ng'ombe.

Sasa, kuna jambo moja la huko juu. Jioni, kazi ikiisha, mmoja wao husimama kwenye mwamba, akashika faneli kubwa ya mbao ya kuchujia maziwa, akaielekeza bondeni na kuita sala. Huomba Mungu awalinde watu, wanyama, na kila kinachopumua mlimani mpaka kuche. Mara ya kwanza kuisikia, mimi nilidhani ni adhana, nikatafuta msikiti kwa macho. Kiangazi kile mwitaji alikuwa Melk. Upepo ukiwa mzuri, sauti yake ilifika kijijini. Na kila jioni Alois alitoka, akakaa kwenye benchi nje ya nyumba, akichonga kijiti. Mtu akipita na kusema, "Mwanao ana sauti nzuri," alijibu kwamba amekaa hapo kwa ajili ya hewa tu.

Katikati ya Septemba, siku ya Jumanne, theluji ilianguka mapema. Ilianguka huko juu, kijijini ikawa mvua. Jioni ile sala haikusikika. Jumatano upepo ulitulia, na sala ikasikika, lakini ilikuwa sauti ya mwanamke, tena iliyokatika mara mbili kabla ya kufika mwisho.

Alois alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafanya hesabu yake ya moyoni, na hesabu ile ikampa furaha. Alijua mwanamume akiwepo juu, mwanamke haitwi kusimama kwenye mwamba. Akaamua kwamba Melk amegombana na Verena, amekataa kumtumikia, na sasa anarudi nyumbani. Aliingia ndani, akawasha jiko, akafungua chumba cha mwanawe kilichofungwa tangu Juni. Akatandika shuka safi. Mwanamke wa nyumba ya jirani alimwona dirishani akikung'uta mto, na alisema baadaye kwamba hakuwahi kumwona na uso ule tangu mkewe afariki.

Alhamisi, kabla ya adhuhuri, mtu alikuja akikimbia kusema kwamba kundi linashuka. Hakuna aliyeshangaa, kwa sababu theluji ikianguka huko juu nyasi hufunikwa na ng'ombe hawana la kula. Watu walijipanga kando ya njia. Alois alisimama juu ya ukuta mfupi wa mawe, amejiegemeza kwenye fimbo, ili aonekane.

Ng'ombe wa kwanza alitokea kwenye kona. Kichwa chake kilikuwa kitupu. Wa pili vivyo hivyo. Kengele zao zilikuwa zimesokomezwa nyasi ndani zisilie. Kwato tu ndizo zilizosikika. Kofia za wanaume zikaanza kuvuliwa, moja baada ya nyingine, na wanawake wakafanya ishara ya msalaba. Alois hakuvua yake.

Verena alikuwa akitembea mbele, amechoka, sketi imelowa mpaka magotini.

"Verena," Alois alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "maua yako wapi? Au mwaka huu yaliona haya kuota?"

Verena aliendelea kutembea.

"Umeua ng'ombe wa nani? Sema mapema, mwenyewe ajiandae. Niliwaambia hawa watu kwamba mlima si jiko." Akacheka. Alicheka kicheko kirefu, na alipotazama kulia na kushoto kutafuta wa kucheka naye, hakumwona.

Verena alisimama mbele yake. "Ng'ombe wote wamo, Alois. Tulipanda na thelathini na wanane, tumeshuka na thelathini na wanane. Mtamba wako mwenye doa jeupe yule pale."

"Basi umewavua maua kwa nini?"

"Shuka hapo ukutani. Njoo karibu nikuambie."

"Niambie hapa hapa, watu wasikie."

Verena alitazama chini. Mama mkwe wangu alisema kwamba bibi yake, wakati ule msichana, alikuwa amesimama karibu kiasi cha kuona midomo ya Verena ikijaribu neno mara mbili bila kulitoa.

"Nimemleta Melk," akasema mwishowe.

Alois hakuelewa. "Yuko wapi? Mwambie aje. Kitanda chake nimekitandika."

Hapo ndipo Agata alipotokea kwenye kona, nyuma ya ng'ombe wa mwisho, akimwongoza farasi. Farasi alikuwa akivuta kile kigari kisicho na magurudumu cha kuburuzia majani makavu. Juu yake kulikuwa na kitu kirefu kilichofunikwa blanketi na kufungwa kamba, na theluji ya huko juu ilikuwa bado haijayeyuka kwenye mikunjo ya blanketi.

Wanaume wawili walimshusha Alois ukutani. Alitembea mpaka kwenye kigari, akaweka mkono juu ya blanketi, upande wa miguu, na akaendelea kutembea hivyo, akichechemea, mpaka nyumbani. Walimlaza Melk juu ya zile shuka safi, katika chumba kilichokwisha kupashwa moto.

Alizikwa Jumamosi. Baada ya mazishi, watu wakila supu, Alois alimfuata Verena pale alipokaa, akamuuliza mwanawe alikwenda kufanya nini kwenye genge la mlima, alikoanguka, siku ya theluji. Verena alitaka kumficha. Alimwambia ulikuwa ukungu, watu huteleza. Alois akasema, "Verena, niliwacheka ng'ombe waliokuwa wakimlilia mwanangu. Hakuna unaloweza kuniambia likazidi hilo."

Basi akamwambia. Jumanne ile mtamba mwenye doa jeupe alikosekana. Verena alimkataza Melk asitoke mpaka ukungu uondoke. Melk akamjibu, "Huyu ni wa baba. Akipotea, baba atadhani nimempoteza kwa kusudi." Akaenda. Mtamba alirudi peke yake kabla ya jua kuzama. Melk walimpata kesho yake, chini ya genge, na theluji ikawafungia njia mpaka Alhamisi.

Alois alimshukuru, akarudi kukaa mahali pake. Supu yake ilipoa.

Aliishi miaka tisa zaidi. Hakuugua wala hakuchanganyikiwa, kama wengine walivyotabiri. Alifanya kazi zake, akazungumza kidogo. Mtamba hakumuuza wala hakumchinja. Alimpa Agata, na hakutaka kumwona tena. Jioni za kiangazi hakukaa tena kwenye benchi.

Vuli ya tatu baada ya mazishi, kundi la bonde jingine lilipita kijijini bila maua. Vijana waliokuwa mbele ya duka la mikate walianza utani, kama vijana wa popote. Mmoja akauliza kama maua yameliwa na ng'ombe wenyewe. Alois alikuwa akipita na mkate kwapani. Alisimama. Wale vijana walimjua, walijua habari yake, wakasubiri karipio. Hakuwakaripia. Alivua kofia yake, akakaa nayo mkononi mpaka ng'ombe wa mwisho alipopita na njia ikabaki na samadi tu. Kisha akawaambia, taratibu, kama mtu anayeonyesha njia kwa mgeni:

"Usiwacheke ng'ombe wasio na maua, wanangu. Huenda msiba ni wako."

Akavaa kofia, akaenda zake. Alikuwa wa kwanza kuyasema maneno hayo, na tangu siku ile bonde zima likayachukua. Huambiwa mtu akimcheka jirani aliyekuja kanisani na viatu vichafu, au akimsema mama ambaye hajafungua madirisha yake mpaka mchana.

Mzee Xaver hakuwagombeza, wajukuu zangu. Aliwapa alichopewa. Usiwacheke ng'ombe wasio na maua, huenda msiba ni wako.