Pistoni za Mzee Akonaay

Chuma huulizwa, hakiambiwi. Methali hiyo mmeisikia leo kwenye duka la spea, yule mama akimjibu kijana aliyetaka auziwe beringi kwa kukisia, nanyi mkacheka. Chekeni tu. Mmeniuliza ilitoka wapi, na kwa kuwa mmeuliza nitawaambia. Asiyeuliza huwa simwambii kitu. Chimbuko lake ni hili.

Chini ya mlima Hanang, upande wa Basotu, kulikuwa na chama cha wakulima wa ngano chenye trekta moja tu. Lilikuwa kuukuu, limelima mashamba ya watu tangu nusu ya wanachama hawajazaliwa, na kiwanda kilicholiunda kilikuwa kimekwisha kuacha kuunda aina yake. Mwaka huo lilianza kutoa moshi wa buluu na kunywa oili bila kushiba, mpaka siku moja likashindwa kupanda kilima cha shuleni, nalo halijabeba chochote. Hapo hata wabishi walikubali kwamba injini lazima ifunguliwe.

Mwenyekiti wa chama alikuwa Mzee Akonaay. Ndiye aliyelipokea trekta likiwa jipya, akiwa dereva kijana, na kitabu cha maelezo yake kutoka kiwandani alikitunza ndani ya sanduku la bati, kimezungushiwa kitambaa. Ukimwambia neno lolote juu ya trekta hujibu, "Nililijua kabla hujajua kutembea." Na kusema kweli alijua mengi. Ila alikuwa mtu wa kuambia wenzake. Kuulizwa hakukupenda, na kuuliza alikuwa amekusahau kabisa.

Kazi alipewa Sesilia Bayo, mama aliyeendesha mashine ya chama ya kusaga kwa miaka kumi na mmoja na kuifungua injini yake mwenyewe kila ilipogoma. Akalifungua trekta, akatoa pistoni tatu zilizochakaa, akaziweka kando azisafishe. Kesho yake hazikuwapo. Huko kwao pistoni mbovu haitupwi; wahunzi wa Kidatoga huyeyusha aluminiamu yake wakafanya bangili, na Mzee Akonaay alikuwa amempa hizo tatu mhunzi mmoja aliyepita asubuhi, kama ilivyokuwa desturi. Sesilia alizifuata mpaka kwa mhunzi huyo. Pistoni hupigwa muhuri wa saizi yake kichwani, na ule muhuri ndio aliokuwa akiutaka. Alizikuta zimekwisha kuwa bangili.

Mzee naye akasafiri hadi Arusha na kitabu chake kwapani. Akarudi na pistoni tatu mpya na ringi zake, zimefungwa karatasi ya mafuta. Standadi, yaani saizi ya kwanza ya kiwandani, kama kitabu kilivyosema.

"Funga," alimwambia Sesilia. "Jumatatu tunalima."

Haraka yake haikuwa ya bure. Udongo wa kule ni mweusi na unanata, mvua ikishaulowesha trekta huzama mpaka ekseli, na mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya mlima. Asiyelima kabla ya mvua hapandi mwaka huo.

Sesilia alichukua pistoni moja akaishusha ndani ya silinda. Pistoni mpya ndani ya silinda yake huteremka kwa kusitasita. Hii ilishuka yenyewe, na alipoitikisa ikagonga ukuta wa huku na wa huko. Silinda ikichakaa hupelekwa kwenye mashine ikachongwa, yaani ikapanuliwa, kisha hutiwa pistoni kubwa zaidi. Na silinda hizi, kwa vyovyote vile, zilikuwa zimechongwa. Akifunga pistoni ndogo zitacheza, zitavunjika, na zikivunjika zitapasua bloku, ule mwili wa injini wenye silinda, usiopatikana tena dukani. Trekta litakuwa limekufa, na ekari zake nne na za watu wote zitabaki na magugu. Tena alijua watasema nini. Watasema mkono wa mwanamke ndio ulioliua.

Basi hakufunga. Jumatatu ilipofika Mzee Akonaay aliitisha wanachama kwenye banda la trekta, akamwita dereva, mtu mzima aitwaye Tluway.

"Chukua spana, Tluway. Huyu mama ameogopa kazi. Utafunga wewe, nami nitakusomea kitabu."

Tluway alichukua spana, lakini akasimama palepale akitazama viatu vyake. Sesilia hakubishana. Alikwenda moja kwa moja kwenye bloku iliyokuwa juu ya magogo, akaipangusa kwa kanga yake, akaikalia.

"Ondoka hapo, binti yangu."

"Siondoki, mzee."

"Nimesema ondoka."

"Nimesikia, na siondoki. Silinda hizi zimechongwa. Pistoni ulizoleta ni ndogo, na akizifunga mtu yeyote leo, basi kesho hatuna trekta."

"Zimechongwa na nani?"

"Sijui."

"Lini?"

"Sijui."

"Wapi, basi?"

"Sijui, mzee."

Watu wakaangua kicheko. Mzee Akonaay akawageukia, amefurahi. "Mnamsikia? Hajui nani, hajui lini, hajui wapi. Lakini anajua."

Sesilia alingoja mpaka kicheko kikaisha. Aliumia, na hakujaribu kuficha kwamba ameumia, ila hakuinuka.

"Sijui kwa sababu sikumwuliza mtu," alisema. "Nimekiuliza chuma. Chuma huulizwa, mzee, hakiambiwi. Wewe umekiambia ni standadi. Kitabu nacho kimekiambia ni standadi. Chenyewe kimenyamaza tu, kinatungoja tukiwashe ndipo kitujibu, na jibu hilo hamtalipenda."

"Haya, kiulize tusikie," akasema Mzee, akidhani amemmaliza.

Hapo ndipo Sesilia aliposimama. Alichukua ringi moja mpya, akaiminya, akaitia ndani ya silinda na kuisawazisha kwa kichwa cha pistoni. Ringi ni duara lililokatwa mahali pamoja. Ikiwa ndani ya silinda inayoifaa, ncha zake hukaribia kukutana. Ukipenyeza hapo nyembe nne, wa tano hauingii. Aliinama, akaokota punje ya ngano sakafuni, akamwekea Mzee kiganjani.

"Pitisha mwenyewe. Mimi nikipitisha utasema nimefanya hila."

Mzee Akonaay akachuchumaa kwa shida, maana magoti yalikuwa yamekwisha kuchoka. Akaishusha punje kati ya ncha mbili za ringi. Ikapita bila kugusa. Akaitaka ringi ihamishiwe silinda ya pili, akapitisha tena. Ya tatu vilevile.

"Tluway," akaita, bila kugeuza kichwa.

"Naam, mzee."

"Nani aliyezichonga?"

Tluway akaweka spana chini. "Mwaka ule uliolazwa hospitali. Injini ilikauka maji mikononi mwangu, ikapiga msumari, pistoni zikakwama na kukwaruza silinda. Tukaipeleka mjini ikachongwa, tukairudisha kabla hujatoka."

"Na hukuniambia miaka yote hii."

"Hukuuliza, mzee. Ulirudi ukatuambia trekta liko kama ulivyoliacha. Sisi tukaitikia."

Watu walidhani atafoka, na baadhi walikwisha kusogea mlangoni. Mzee aliinuka kwa kushika ukingo wa bloku, akamtazama Sesilia.

"Kwa hiyo saizi yake ni ipi?"

"Mimi sina kipimo cha kunipa namba. Bloku iende mjini, ipimwe."

Ikapakiwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe mpaka barabara kuu, Mzee Akonaay akitembea mbele na fimbo yake, Sesilia na Tluway wakifuata, na kutoka hapo wakapata lori. Kitabu alikiacha nyumbani. Mjini fundi wa kuchonga alitia mikromita ndani ya kila silinda, akasema, "Arobaini juu ya standadi, kwa sehemu elfu za inchi. Hairukwi mpaka arobaini kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo hii imechongwa mara mbili. Ya kwanza ishirini, ya pili arobaini."

Mzee akamgeukia Tluway. "Ulisema mara moja."

"Mimi mara moja," akajibu Tluway. "Ile nyingine ni ya dereva aliyenitangulia. Naye alikuogopa."

Walitafuta duka hili na lile siku mbili, bloku wakiisukuma kwenye mkokoteni wa mkono, wakapata pistoni za arobaini na ringi zake. Kabla hazijafungwa karatasi, Mzee mwenyewe aliomba nyembe nne, akaipima kila ringi ndani ya kila silinda, wauzaji wakimtazama na kuguna. Nyembe nne zikaingia. Wa tano ukakataa.

Sesilia alifunga injini kwa siku tatu, mchana kutwa. Ilipowashwa ilikohoa, ikatoa moshi mweupe, kisha ikatulia na kunguruma kwa sauti ambayo vijana wa pale hawakuwahi kuisikia. Watu wakapiga vigelegele, Tluway akapanda kwenye usukani, na shamba la kwanza likaanza kulimwa asubuhi hiyohiyo, ardhi ikiwa bado kavu.

Mzee Akonaay hakulifuata trekta shambani. Alibaki bandani, Sesilia akikusanya spana zake.

"Sesilia," alisema, "kuna jambo jingine nisilolijua juu ya trekta langu?"

"Yapo mengi, mzee. Na ya chama yapo zaidi."

Mzee akavuta debe tupu, akaligeuza, akaketi. "Nakuuliza," akasema. "Anza popote."

Wanasema aliketi juu ya debe hilo mpaka jua la mchana, na hakumkatiza hata mara moja. Methali ikatoka bandani siku hiyo na watu waliochungulia dirishani, na kule kwao mpaka leo haisemwi kwenye gereji tu. Husemwa pia mbele ya mwenyekiti, mbele ya baba, hata mbele yangu mimi, na nikiambiwa huwa nanyamaza: chuma huulizwa, hakiambiwi.