Kwa Nini Mafundi wa Mkukuni Hutangulia Kupanda Meli

Sikilizeni, watu wa Mkukuni. Zamani, kabla bandari yetu haijajaa winchi na moshi wa karakana, meli zote zilijengwa kwa mbao, na waliozijenga hawakuzipanda. Fundi alipopigilia msumari wa mwisho alinawa mikono, akaikabidhi meli kwa mabaharia, akaanza nyingine. Ikirudi, kheri. Isiporudi, watu walisema bahari imechukua, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Fundi mkuu wakati huo alikuwa Shekue bin Mbarawa. Alikuwa amejenga meli arubaini, naye hajapata kuingia maji yanayopita magoti. Aliiogopa bahari, na woga huo aliuficha ndani ya wingi wa kazi.

Siku ya kushusha meli ya arubaini na moja, watu walikuwa wamekwisha kushika kamba. Ndipo Mwanakheri, mke wa nahodha, akapita katikati yao na kusimama mbele ya Shekue. Bahari ilikuwa imemchukulia baba na kaka, wote wawili katika meli za fundi huyo huyo. Hakupaza sauti. Alimwuliza kama meli ile ni imara. Shekue akajibu kuwa ni imara kama nyumba yake.

"Basi panda wewe kwanza," akasema Mwanakheri. "Ukirudi salama, mume wangu atapanda."

Watu wakaguna. Shekue akazitazama mbao alizozipanga mwenyewe, na kwa mara ya kwanza akaziona kwa macho ya mtu atakayelala juu ya maji. Akakumbuka ubao mmoja wa chini wenye ufa mwembamba. Aliuziba kwa pamba na mafuta ya papa, kwa sababu mbao zilikuwa zimepungua na wenye meli walikuwa wanamharakisha. Angeweza kumfukuza yule mama. Badala yake akawaambia watu waachie kamba.

"Nipeni siku saba," akasema. "Kuna mahali sijaridhika napo."

Akaung'oa ubao ule mbele ya kila mtu, na aibu ikamkaa usoni siku zote saba. Siku ya nane akapanda, mafundi wake wote nyuma yake. Waliuzunguka mwamba ulio nje ya bandari hadi jua likawa utosini. Shekue alitapika, kisha akashuka chini kabisa ya meli, akapapasa maungio moja moja. Yalikuwa makavu.

Waliporudi, aliteremka akicheka, akiuliza nyingine itashushwa lini. Mwanakheri akampa maji ya kunywa, kisha akamgeukia mumewe na kumkabidhi kifurushi cha safari.

Na tangu siku hiyo, hakuna meli ya Mkukuni inayokabidhiwa kabla walioijenga hawajaizungusha baharini. Mbao zimegeuka chuma, lakini siku ya kushusha mtawaona wachomeleaji, wapaka rangi, hata wahandisi, wamepanga foleni ngazini, na wake za mabaharia wamesimama gatini wakiwangoja warudi.