Fundo la Pili Mguuni mwa Sululu

Kwii-li, kwii-li, kwii-li.

Usiku wa manane, wajukuu zangu, zamani hizo bibi wa bibi yangu hajaota jino, sauti hiyo ilipita juu ya paa la Mwanashee. Sululu, ndege wa matopeni wenye mdomo mrefu uliopinda, walikuwa wanaondoka. Naye saa hiyohiyo anajifungua, mtoto wa kwanza, mwenyewe bado kinda, na moyo unampwita, kwa sababu mnajua watu wa kale waliamini nini? Kwamba sululu hawaendi popote. Masika ikija wanazama topeni, wanakufa, na tope linazaa wengine. Basi mtoto aliyezaliwa usiku wao hapewi jina. Atawafuata.

Asubuhi mkwewe, Bi Mkasi, akaleta sululu mmoja aliyechelewa, kanasa kwenye ulimbo, ampikie mzazi mchuzi. Mwanashee akamnyakua, akamfunga mguuni ukindu mwekundu wa kusukia mkeka.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Nataka kujua, mama. Kama anakufa, nijue. Kama anakwenda, nijue."

Akamrusha dirishani.

Akangoja. Mwezi ukaandama, ukafa, ukaandama, ukafa. Mtoto akikohoa, halali; mtoto akilala sana, anamwamsha. Kisimani wenzake wakamtania kwamba amemposa ndege. Akangoja.

Mwezi wa tano tangu waondoke, wakarudi, ufuo mzima ukawa mbawa. Akatega siku tisa, ya kumi akamnasa: huyohuyo, ukindu umepauka. Lakini Mwanashee, wajukuu zangu, alikaa palepale topeni. Juu ya ukindu palikuwa na fundo la pili. Sufi nzito, nyeupe, ya mnyama asiyejulikana pwani ile, imefungwa na mkono wa mtu, taratibu, isimuumize.

Kumbe dunia ilikuwa ndefu hivyo! Na huko mwisho wake kuna mtu aliyeuona ukindu, akajibu.

Nyumbani Bi Mkasi aliligusa fundo. "Nipe mtoto," akasema. Akamwita sikioni, mara tatu: Shekue, jina la marehemu mumewe.

Kisha akaonya kwamba vijana wakisikia sululu wanabeba salamu, watawanasa wote, na mtu yule wa mbali atangoja bure. Wakaapishana kunyamaza.

Usilolifuata hadi mwisho wake, wajukuu zangu, usilitangazie kifo. Kisa changu kimetua, msiniulize kiliponifikia. Haya, sogeeni, mniapie. Mtamwambia mwingine?

"Hatumwambii mwingine, bibi."